Faili Jipya

Benchi la kliniki ya macho lilijaa tangu alfajiri. Wa arobaini na moja alikuwa fundi cherehani, gauni la zambarau alilojishonea mwenyewe, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Mpiga picha za macho alipomwita ndani, fundi alilitazama kwanza koti lake jeupe.

"Kaka, kifungo cha pili kimekwenda wapi?"

"Kilijiuzulu. Kazi ilikizidi."

"Vua nikushonee."

"Weka kidevu hapa kwanza. Tazama msalaba wa buluu, usipepese."

"Mwanamume akiniambia nisipepese, huwa naogopa."

Mashine ikaanza kuvuma. Hupitisha mwanga tu, haigusi jicho, na hutoa picha ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, tabaka kwa tabaka, kama kurasa za kitabu kilichofungwa ukizitazama ubavuni. Tena hulinganisha picha ya leo na ya zamani iliyo kwenye faili hilo hilo, na tofauti ikizidi huwaka nyekundu. Sisi wa benchi lile hatujasahau: ilikaa miaka miwili imefunikwa shuka, ikingoja mheshimiwa wa kuizindua, huku watu wakipofuka chumba cha pili.

"Umewahi kupigwa picha hapa?"

"Miezi mitatu iliyopita, kwa yule mzee aliyestaafu."

Faili lake lilikuwemo, ila halikuwa na namba ya simu, na mpiga picha aliruhusiwa kumwuliza namba mgonjwa mpya tu. Akafungua faili jipya.

"Nitajie namba yako, dada. Ni utaratibu."

Fundi akacheka, akaitaja. Macho ya kijana yalikuwa yameshamwambia utaratibu wenyewe ni upi.

Daktari alikuwa mji mwingine, akisoma picha sitini alizotumiwa kwa asubuhi moja. Kwenye faili jipya hapakuwa na cha kulinganisha. Aliona maji kidogo nyuma ya jicho la kulia, akaandika: mgonjwa mpya, arudi baada ya miezi sita.

Kifungo kikashonwa. Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula sindano tatu za kidole. Wewe umeniloga."

Hadi siku moja fundi akapiga, sauti haina mzaha.

"Kipenzi, mstari wangu wa chaki unapinda."

"Unapindaje?"

"Nachora kwa rula. Nikiutazama, umevimba katikati."

"Umechoka, mama. Daktari alisema miezi sita."

Mwezi wa nne tangu picha ile, bibi harusi alirudisha gauni. Mshono wa mgongo ulikwenda kama njia ya mchwa. Mpiga picha akamvuta fundi hadi kwenye mashine, akapiga picha, kisha akalitafuta faili la zamani, akaziweka picha tatu pamoja. Ya kwanza, retina tambarare. Ya pili, kituta kidogo. Ya tatu, kilima, maji meusi chini yake, na kovu. Alipoilinganisha ya kwanza na ya pili, mashine ikawaka nyekundu. Ingewaka siku ile ile.

Akamweleza yote palepale. Hakuficha hata moja.

"Jicho langu kwa namba ya simu," fundi alisema taratibu. "Si ungeniomba tu. Ningekupa."

Akaondoka, na simu hakupokea tena. Sindano za jicho zilikausha maji, kovu likabaki.

Mpiga picha akaandika barua, akaibandika ukutani juu ya benchi. Alianza na kosa lake, akafuata na lile shuka, akamalizia na picha sitini za asubuhi moja. Wakubwa wakamwita mchochezi, wakaichana. Akaandika nyingine.

Ile ya tatu fundi aliisoma kwa jicho la kushoto, mstari kwa mstari, amesimama. Jioni mpiga picha alipopita dukani kwake, hakumfukuza. Alilifunika lile jicho zima la kushoto kwa kiganja.

"Nikikutazama usoni, hupo. Nikitazama sikio lako, unatokea kidogo pembeni."

"Na hilo ulilolifunika?"

"Hilo linakuona vizuri. Ndilo halijakusamehe."

Akashusha mkono, akampa chaki na rula. "Nichoree mstari hapa. Unyooke."

Alichora, akiikandamiza rula kwa kiganja. Fundi akaukagua kwa karibu, kisha akapitisha mkasi juu yake.

"Kesho saa mbili nakuja kupigwa picha ya hili lililobaki," alisema bila kuinua kichwa. "Kwenye faili la zamani. Namba ya simu utaijaza mbele yangu."