Chumba cha Kuvua Viatu

Haya hayakunikuta mie, jamani. Yalimkuta Najat, shoga yangu wa Keko, mwaka tisini na nane, alipokuwa akijifunza kompyuta. Mashine za darasani kwao ziliunganishwa kwa waya, wanafunzi wote wakiandika kwenye ukurasa mmoja: ukiandika huku, wenzio wanasoma kule. Na mle chumbani hakuingiwi na viatu, kwa ajili ya vumbi.

Magharibi moja mvua imetanda, wenzake wameshaondoka, Mwalimu Baqir akamwambia, "Najat, mwanangu, kazime ile mashine moja iliyobaki."

Kwa haraka, Najat akaingia na kandambili zake. Kwenye kioo herufi zikatokea moja moja: "Najat, viatu."

Akacheka. "Samahani, mwalimu!" Akarudi, akazivua mlangoni.

Alipoinama kuizima mashine, akamwona Mwalimu Baqir kupitia dirishani. Yuko nje getini, anahangaika na mwavuli. Mashine nyingine zote zilikuwa zimezimwa.

Kioo kikaandika: "Asante." Umeme ukakatika.

Ndani ya lile giza kibodi zikaanza kulia, ta, ta, ta, meza ya mwisho, kisha inayofuata, zikimsogelea. Najat akageuka. Akapapasa ukuta hadi mlangoni, akatafuta kandambili kwa mguu. Sakafu tupu.

Kibodi zikanyamaza. Halafu kule ndani, baina ya meza, akazisikia kandambili zake zikitembea, pwa, pwa, pwa, zikija mlangoni.