Dua ya Mzee Leonce Ilipoishia

Kila siku akirudi shule, Felista alibadilisha sare, akampelekea ndama majani, akajaza ndoo za jikoni, kisha akaketi kwenye benchi la nje kusubiri wagonjwa wake. Wagonjwa hao walikuwa simu. Kijiji chao kiko Rhotia, kwenye udongo mwekundu unaopanda kuelekea msitu wa Ngorongoro, na hapo kila mtu alijua kwamba binti wa Germana, wa darasa la saba, ana mkono wa simu. Yako ikiganda, ikikataa kuchaji au ikijifungia, ulimpelekea yeye kabla hujafikiria nauli ya kwenda Karatu mjini.

Tena Felista alikuwa na maoni juu ya kila kitu chenye betri. Chaja zinazotandazwa chini mnadani, alisema, hazichaji simu, zinaibembeleza tu. Kibodi inayojifanya kujua unachotaka kuandika aliichukia kabisa, maana ukiandika jina la Kiiraqw inakugeuzia neno la Kizungu na kulituma bila aibu. Masasisho aliyaita wageni wa saa ya chakula: yanakula bando, yanajaza nafasi, na yakimaliza simu inakuwa nzito kuliko jana. Na zile kadi za kumbukumbu za bei ya kutupa, zenye namba kubwa usoni na ndani hamna kitu, alizihubiri vibaya kuliko padri anavyoihubiri gongo.

"Watu wanatumiana maua ya asubuhi njema mpaka simu zinavimbiwa," alimwambia rafiki yake Antonia, aliyependa kukaa naye benchini. "Halafu wanasema simu mbovu. Simu haina ubovu, ni uchafu. Isafishe."

"Wewe ungekuwa daktari ungewatoa watu matumbo," Antonia akamjibu.

Sasa, Waswahili husema mganga hajigangi. Simu iliyoumwa kuliko zote ilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ilikuwa ya mama yake. Ukiibonyeza, ilifikiri kwanza, kama mtu anayeulizwa habari asizozipenda. Kila mara ilileta ujumbe kwamba nafasi imejaa. Felista aliomba mara nyingi aruhusiwe kuisafisha, na mama yake alimjibu vilevile kila mara.

"Usiiguse, mwanangu. Humo ndimo alimo babu yako."

Hakuwa anatania. Wairaqw wa kwao hawapendi kuachana kwenye sherehe bila slufay. Mzee mmoja husimama akaomba kwa maneno marefu yenye mapigo, akiombea mvua, watoto, mifugo na amani, na watu wote humwitikia kila anapotua. Mzee mwenye kipaji huwa na slufay yake, na ya babu yake Felista, Mzee Leonce, ilijulikana mpaka Mbulu. Ilitaja vilima na chemchemi za nchi yote kwa majina. Germana, ambaye ni mkwe wake, aliirekodi kwenye harusi moja kabla mzee hajaugua. Sasa mzee alikuwa kaburini, mwaka unakaribia kutimia, na misa ya kumbukumbu yake ilikuwa imepangwa. Mdogo wake, Mzee Josephati, ndiye angesimama siku hiyo kuisema.

Kwa hiyo kila Jumapili, baada ya ibada, Babu Josephati alikuja, akaketi sebuleni na kuiweka simu sikioni. Alisikiliza kipande kidogo, akakirudia kwa mdomo, akaashiria arudishiwe, akakirudia tena. Hakutaka kuongezewa kipande kipya kabla cha kwanza hakijakaa.

"Babu, si tuyaandike tu yote?" Felista alimuuliza siku moja. "Utajifunza kwa haraka."

"Slufay haimezwi kama kidonge," mzee akasema. "Yakiandikwa nitayasoma. Nataka niyaombe."

Pembeni yake aliketi Bibi Sabina, mjane wa Mzee Leonce, amefumba macho. Yeye hakuwa anajifunza kitu. Alikuja kumsikia mumewe.

Jumamosi moja Germana alikwenda mazoezi ya kwaya akaiacha simu ikichaji. Felista aliichukua atafute maswali ya mtihani ambayo mwalimu alisema yamewekwa kwenye kundi la wazazi. Ikaganda. Akaizima, akaiwasha, ikaganda tena. Hasira zikampanda fundi wetu. Alijiambia kwamba mama haelewi, kwamba angemfanyia jambo zuri, na kwamba akirudi na kuikuta simu nyepesi atafurahi mwenyewe. Akatoa kadi ya kumbukumbu kwenye droo ya kabati, kadi ambayo baba yake, dereva wa watalii, aliinunua njiani. Akahamishia humo sauti ya babu. Jina la faili likatokea kwenye kadi. Kisha akairudisha simu ilivyotoka kiwandani, na kila kilichokuwa ndani kikafutika.

Hakuisikiliza kwanza. Yeye aliyewafokea majirani wote kwamba kadi hupimwa kabla ya kuaminiwa, hakuipima.

Simu ilipowaka ilikuwa nyepesi kweli. Felista akafungua faili la kwenye kadi. Likagoma. Akalifungua tena, likaandika kwamba limeharibika. Akaitoa kadi, akaifuta kwa upindo wa sketi, akairudisha, na ikawa vilevile. Jina lilikuwepo, sauti haikuwepo. Akaketi sakafuni, simu mkononi.

Njia moja ilibaki, naye aliijua. Baba yake mdogo, Fabian, anayelima vitunguu Mang'ola, aliwahi kutumiwa rekodi ileile. Ilitosha kumpigia. Lakini Baba Mdogo angeuliza kwa nini, kisha angemwambia mama, na kijiji kingejua kwamba fundi wao kamfuta babu yake kwa mikono yake. Felista akajipa moyo kwamba ataisubiri siku Fabian atakapopanda na lori la vitunguu, amwombe simu kimyakimya. Mama aliporudi, akamwambia simu ilijizima na kujifuta yenyewe.

"Na sauti ya babu?" Germana akauliza.

"Ipo kwenye kadi, mama. Inahitaji tu kutengenezwa. Nitaitengeneza."

Ndivyo uongo unavyoanza, mdogo na wenye adabu. Jumapili Babu Josephati alipokuja, Felista alisema bado anaitengeneza. Jumapili iliyofuata akasema kuna programu anaisubiri. Mzee aliketi sebuleni akarudia alichokuwa nacho, akanywa chai, akaondoka. Bibi Sabina alikaa palepale akiisubiri sauti ya mumewe. Alibaki amefumba macho hata baada ya mzee kuondoka, na hilo lilimuuma Felista kuliko kama angechapwa. Lori la Baba Mdogo nalo halikuja, maana mvua ilikuwa imeharibu barabara ya Mang'ola. Usingizi ulimpaa, chakula kikamshinda, na Antonia alipomletea simu ya shangazi yake alimwambia airudishe.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku chache kabla ya misa, Felista alimkuta mama yake jikoni anachambua maharage, akasimama mlangoni akashindwa kuingia.

"Mama, simu haikujifuta. Niliifuta mimi. Na kadi haina kitu."

Germana aliiacha sinia ya maharage. Hakumpiga wala hakupaza sauti. "Tangu lini unajua haina kitu?"

"Tangu siku ileile."

"Na Fabian anayo. Ulijua Fabian anayo?"

"Nilijua."

Mama akampigia Fabian papo hapo, akaweka spika ili wote wasikie. Kwa mbali zilisikika pampu za maji za mashambani. Germana alieleza kwa maneno machache. Fabian akasema taratibu, "Shemeji, nilikuwa nayo mpaka wiki hii. Simu ilijaa, wateja wananitumia picha za mizigo, haifunguki. Nikaisafisha. Si ndivyo Felista alivyotufundisha Krismasi? Tusilundike vitu viwili viwili, kama mwenzako anacho, wewe futa. Nikasema kwa vile ninyi mnayo..."

Hakumaliza, na hakukuwa na haja ya kumaliza. Felista alilia mpaka kwikwi zikambana. Kesho yake mama alimpeleka Karatu mjini kwa fundi mwenye duka. Fundi aliichomeka simu, akaichomeka kadi, akavirudisha vyote juu ya meza na kutikisa kichwa. Waliulizia kila aliyekuwa kwenye harusi ile. Watu walikuwa na picha za keki, na video za maharusi wakicheza. Slufay hakuna aliyeirekodi, kwani kila mtu alikuwa anaitikia.

Felista alikwenda mwenyewe kwa Babu Josephati kumweleza. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Labda watu wanaikumbuka, babu," Felista akasema. "Waliisikia miaka yote. Tukiwakusanya, kila mmoja atoe kidogo."

Wakajaribu. Jioni ile walikuja majirani na ndugu, wazee kwa vijana, wakajaa uani. Babu Josephati akaanza, nao wakaitikia kwa umoja, bila kukosea. Alipofika mwisho wa alichokijua, akawaomba waendelee. Wakatazamana. Mmoja akataja jina la chemchemi, mwingine akasema hapana, hiyo inakuja baadaye. Mzee mmoja alikumbuka neno juu ya ng'ombe, hakukumbuka linalolitangulia. Miaka yote walikuwa wamejua wapi pa kuitikia. Maneno yenyewe walimwachia Mzee Leonce, na Mzee Leonce aliyaacha kwenye simu.

Siku ya misa ikafika. Baada ya chakula, watu walisimama uani na Babu Josephati akatoka mbele, kofia mkononi. Slufay ikaenda vizuri. Sauti yake ilifanana na ya kaka yake kuliko mtu yeyote alivyotarajia, na Felista, aliyesimama karibu na mlango wa jikoni, kwa muda alisahau kosa lake. Mzee akaomba mvua, watu wakaitikia. Akaombea watoto, wakaitikia. Akaanza kutaja vilima, kimoja, cha pili, akavuta pumzi, na watu nao wakavuta pumzi kumjibu.

Hakikuja kilima cha tatu.

Mzee alisimama na mdomo wazi kidogo. "Hapa ndipo nilipofika," akasema, akavaa kofia. Watu walibaki na itikio mdomoni, na baadaye wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakipeana mikono na kuagana kwa sauti ya chini.

Felista alikwenda nyuma ya nyumba kuosha masufuria. Bibi Sabina akamfuata, akavuta kigoda akaketi.

"Bibi, nisamehe."

"Kufuta nilikusamehe siku ileile uliyosema," bibi akajibu. "Mtoto hukosea, hata mtu mzima huvunja chungu. Kunyamaza nako nimekusamehe. Lakini usikilize, mjukuu wangu, na ukakumbuke ukiwa mkubwa. Kosa likisemwa lingali bichi, watu hulitafutia dawa. Dawa ya kosa lako ilikuwepo Mang'ola, tena kwa siku nyingi. Wewe uliogopa kuonekana si fundi, ukaiacha ikapotea. Sasa nimekusamehe, na msamaha wangu haunirudishii hata neno moja."

Felista akainamisha kichwa juu ya sufuria. Machozi yakaingia kwenye maji ya majivu.

"Utaendelea kutengeneza simu za watu," bibi akasema. "Mimi sikukatazi. Ila ukiharibu, useme saa ileile, hata kama aliye mbele yako ana fimbo."

"Nitasema, bibi."

Bibi Sabina akachukua gunzi, akamsaidia kusugua sufuria moja. Kisha akafumba macho kama alivyofanya Jumapili zote zile, akaanza kuitikia kwa sauti ndogo, akinyamaza kidogo, akaitikia tena, akinyamaza, akiiachia nafasi sauti ambayo yeye peke yake bado aliisikia. Felista aliacha kusugua ili asimpotezee sauti hiyo.