Hodi ya Kanisa la Mlimani

Sauti iliitika kabla mtunza kanisa hajaingia ndani.

Mjane na binti yake walikuwa wakizuru makanisa ya kale ya wamisionari, safari ambayo marehemu mumewe aliiahidi, kifo kikamwahi. Hili la mlimani ndilo lilikuwa la mwisho. Wenyeji wa huko wana desturi yao: mtunza kanisa hupitia mlango wa nyuma kwanza, ndipo mgeni apige hodi mbele, aitikiwe na mtu. Nyumba tupu haipigiwi hodi.

Mzee wa watu alikuwa bado anahangaika na kufuli la nyuma. Mjane, kwa adabu zake, akagonga.

"Hodi."

"Karibu, mke wangu."

Ilikuwa sauti ya mumewe, pamoja na kile kikohozi chake kidogo mwishoni. Harufu ya udongo mbichi ikapenya chini ya mlango.

Mtunza kanisa akaja mbio, funguo mkononi. "Nani kaitika?"

"Baba yake huyu," mjane alinong'ona.

"Huyo ni jini, mama. Kakukaribisha, naye atarudisha matembezi. Akija kwenu msimwitikie. Jini ni mgeni popote aendapo, asipokaribishwa haingii."

Binti akamshika mama yake mkono. "Twende. Na njiani usimwitikie hata muuza maji."

Jioni, walipokuwa wamekaa sebuleni kwao na rozari zao, mlango uligongwa, na hodi ikaja kwa sauti ileile, ya upole, ikarudiwa, ikawa kama ya mtu aliyechoka na kunyeshewa na mvua, huku harufu ya udongo ikijaa chumbani na binti akimziba mama yake mdomo kwa viganja viwili, akisali kimoyomoyo, akihisi machozi ya mama yakipita katikati ya vidole vyake.

Kisha mjane akaishusha mikono ya bintiye taratibu. Uso wake ulikuwa umetulia.

"Usiogope, mwanangu. Mungu amenifungua macho. Baba yako hakuwahi kupiga hodi nyumbani kwake. Alikuwa anafungua tu, anaingia."

Hodi zikakoma.

Wakakumbatiana, wakamshukuru Mungu. Ndipo kitasa kikazunguka polepole, kama kinavyozungushwa na mtu anayerudi kwake, na nyuma yake kikafuata kikohozi kidogo.