Maji ya Mama Povu

Kila alipotoka shule, Povu alivua sare, akavaa gauni kuukuu na kwenda moja kwa moja uani. Mama yake alikuwa dobi. Walipanga vyumba viwili vya chini, kimoja cha kulala na kimoja cha kupigia pasi, katika nyumba ya Bibi. Bibi hakuwa ndugu yao. Alikuwa mwenye nyumba, mjane mwenye miguu mibovu na ulimi mzima kabisa. Wateja ndio waliompa msichana jina la Povu, kwa sababu kila alipokuja mlangoni kupokea nguo, sabuni ilikuwa imemfika viwikoni.

Povu alikuwa na kazi yake maalumu. Maji machafu ya uani yaliingia kwenye bomba lililopita chini ya ukuta, na mdomoni mwa bomba mlikaa chujio la waya. Mablanketi na taulo hutoa manyoya mengi. Kila beseni lilipomwagwa, manyoya yalijaa kwenye chujio, na Povu alipaswa kuyatoa kwa mkono kabla ya kumwaga jingine. Ilikuwa kazi ya kuchosha, tena inanuka.

Jioni moja mama alikwenda kupeleka nguo za wateja, akamwachia Povu mablanketi ya nyumba ya wageni. Wenzake walikuwa wakiruka kamba nje ya lango.

"Povu! Unakuja, au umeolewa na hilo beseni?"

Povu akatazama lile rundo, akatazama lango. Akang'oa chujio na kuliweka kando. Maji yakaenda chwaa, bila kusitasita. Akajiona ana akili kuliko watu wote waliowahi kufua nguo. Mablanketi yalipokwisha, akarudisha chujio mahali pake, akatoka mbio.

Asubuhi Povu aliamshwa na kelele. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na duka la fundi cherehani, naye alikuwa amefungua mlango na kukuta ukuta umelowa na sakafu imejaa maji ya sabuni. Majora mawili ya kitambaa cha sare za shule yalikuwa yamelowa, pamoja na mashati aliyokwisha kuyashona.

"Bibi, bomba lako limeoza!" alimfokea Bibi, aliyekuwa ameshuka ngazi kwa fimbo yake hadi uani. "Leo hii tunakwenda ofisi ya mtaa, ukajibu huko!"

"Kwa miguu hii?" Bibi akamjibu. "Utanibeba mgongoni?"

"Nitakubeba!"

Watu waliokusanyika wakacheka. Fundi hakucheka.

Mama alikuwa akipuliza makaa ya pasi. Akaiweka pasi chini, akajifuta mikono, akatoka.

"Pole sana, fundi. Sasa mwache Bibi, zungumza na mimi."

"Wewe ni mpangaji tu, Mama Povu. Nyumba si yako."

"Nyumba si yangu, ila maji ni yangu. Siku ninaingia hapa tuliandikiana na Bibi. Kazi yangu ikimtia mtu hasara, nabeba mimi. Na mtu akimdai Bibi kwa sababu ya kazi yangu, ninayesimama mbele ni mimi. Kama ni ofisi ya mtaa, twende."

"Na bomba likiwa limeoza kweli?"

"Fundi bomba atafungua, tutaona. Likiwa limeoza, Bibi atalitengeneza. Lakini sikai ndani napiga pasi huku mtu mzima anafokewa kwa maji niliyomwaga mimi."

Povu, aliyemfuata mama na kujificha nyuma yake, akamvuta gauni. "Mama, nyamaza," alinong'ona. "Huenda ni bomba kweli."

"Huenda. Lakini hatungoji kujua ndipo tusimame naye."

Mama alikuwa amejitokeza mbele ya watu wote bila kujua kosa ni la nani, na Povu, aliyejua, alikuwa amejificha nyuma ya gauni lake. Akatoka pale alipojificha.

"Bomba halijaoza," alisema. "Nilitoa chujio ili nimalize haraka."

Baadaye fundi bomba alipokuja, alichomeka waya mrefu na kuvuta donge la manyoya kubwa kama paka, lililoyazuia maji hadi yakatokea chini ya ukuta wa duka. "Nimezalisha!" alisema, na hapo hata fundi cherehani akacheka kidogo.

Mama hakumpiga Povu wala hakumkemea mbele za watu. Alimgeukia fundi. "Lete vitambaa vyote na mashati. Nitafua na kunyoosha. Kitakachobaki na doa, nitakununulia kingine. Na ukuta wako nitautafutia mtu aupake rangi."

"Sare zinatakiwa Jumatatu."

"Utazipata Jumapili."

Siku zilizofuata Povu hakuona kamba wala wenzake. Alisugua mpaka vidole vikakunjamana. Vitambaa vilipokauka, alishika ncha moja ya jora na mama akaipitisha pasi polepole, hatua kwa hatua, hadi kitambaa kikawa kama kipya. Shati moja liligoma, doa halikutoka. Fundi hakuwa ameliona doa lile, lililokuwa chini ya kola. Mama mwenyewe ndiye aliyemwonyesha, akalilipia. Fundi alilitazama shati, akamtazama dobi, akasema kuanzia siku hiyo nguo zote anazoshona zitanyooshwa kwake.

Povu alikuwa na jambo moja bado. Alipanda ngazi hadi kwa Bibi, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuomba msamaha. Utatufukuza?"

Bibi akaegemeza fimbo yake ukutani.

"Marahaba. Nimepangisha watu wengi, mjukuu wangu. Siku ya kupewa funguo kila mtu anakubali kila kitu. Likizuka jambo, wanajifungia ndani, mimi natukanwa peke yangu. Mama yako alitoka kabla sijamwita. Ahadi ni kitu cha namna hiyo: unaitimiza siku inapokuuma. Na wewe ulisema kweli wakati ungeweza kunyamaza, kwa hiyo unaweza kuwa kama yeye. Jifunze kwake."

"Kwa hiyo hutufukuzi?"

"Niwafukuze, halafu mpangaji wa namna hiyo nimpate wapi? Nenda zako, miguu inaniuma."