Picha Bila Waya

Sauti ilikuja, picha haikuja. Mama Kipusa alibonyeza rimoti tena na tena. Spika zote tano za sebuleni zilikuwa zikiimba wimbo wa katuni, ila kioo kikubwa cha runinga ukutani kilibaki cheusi, kimeandikwa: hakuna mawimbi. Akafungua deki. Haikuwa na diski. Na katuni ile haikuwa imechezwa humo ndani tangu wamzike Kipusa, binti yake wa pekee.

Akampigia simu mdogo wake, fundi wa runinga, naye akaja mchana huohuo na begi lake na masihara yake.

"Dada, vyombo hivi ni kama shemeji. Havisikii mpaka uvizime kwanza."

Mumewe, aliyesimama mlangoni, alijaribu kucheka. Fundi akazima vyote, akawasha runinga, kisha ampli ya spika, kisha deki. Giza. Akabadilisha waya wa HDMI, akauhamishia tundu jingine. Giza. Akaamua kuiruka ampli, aunge deki moja kwa moja kwenye runinga. Alipochomoa waya tu, picha ikaja.

Waya ulikuwa mkononi mwake.

Kioo kilionyesha sebule yao hiyohiyo, na juu ya zulia alikaa Kipusa na gauni lake la njano, amewapa mgongo, na harufu ya ile dawa ya kifua waliyokuwa wakimpaka hospitalini ikakijaza chumba. Spika ya nyuma ikanong'ona: "Mama, mbona umekaa mbali?"

"Usiitikie," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Dada, nakuomba, usiitikie."

"Abee, mwanangu. Nipo."

Tangu hapo mama hakubanduka mbele ya kioo. Mumewe alikata umeme wa nyumba nzima, picha ikabaki, na kila siku mtoto alijisogeza nyumanyuma kuelekea kioo bila kugeuka, na mama naye akajisogeza mbele, hali, halali, mashavu yamebonyea, huku yule mtoto aliyekufa amekonda kama kijiti akizidi kunenepa mbele ya macho yao.

Mume akamleta mganga, mwanamke wa makamo, ambaye hakukubali hata kukaa.

"Huyu ni jini, anakula machozi yako," alisema. "Mimi nitasoma dua, lakini aliyemkaribisha ni wewe. Mwambie si mwanao."

"Siwezi."

Mume akapiga magoti. "Mke wangu, nimeshazika mmoja. Usinizikishe wa pili."

Mganga akaanza kusoma, na mtoto akageuka. Mama alikuwa amejiandaa kuona uso wa kutisha. Ulikuwa uso wa Kipusa, na pengo lake la jino.

"Wewe si mwanangu," alisema. "Toka nyumbani kwangu."

"Mama, nimekosa nini?"

"Toka!"

Kioo kikazimika. Kilio kikaruka kutoka spika hadi spika, kikazunguka sebule, kikatokea mlangoni, kikapita ukumbini, kikashuka ngazi kikiita mama, mama, kikififia, mpaka mtaa ukakimeza.

"Amekwenda," mganga alisema. "Hatarudi."

Fundi alikuwa akilia waziwazi. Mume akamkumbatia mkewe, mwepesi kama nguo tupu.

"Na kama alikuwa yeye?" mama aliuliza.

Mganga aliinama kufunga mkoba wake, akakawia sana kuufunga.