Samansi ya Mtani

Kiteuzi kiliunguruma ndani ya masjala ya mahakama, kikawapima watu laki nne wa jiji la Nyangoro, kisha kikatoa jina moja: Tekla Ngonyani.

Tekla, karani aliyekuwa akikihudumia, alidhani kimeharibika. Akakiuliza upya. Jina lilelile.

Kazi ya kiteuzi ilikuwa kumchagua mtu wa kupeleka samansi. Zamani zilipelekwa na roboti, na watu wakajifungia ndani. Sasa chombo kilichunguza ukoo wa mdaiwa na mazoea yake, kikamtafuta mtu ambaye mdaiwa huyo hawezi kumfungia mlango. Mdaiwa wa leo alikuwa Mzee Kikoti, anayedaiwa nyumba na mpwa wake. Roboti tatu alishazifukuza kwa fimbo, eti haongei na mabati. Tekla hakuwahi hata kumwona. Kwa nini yeye, jamani?

Alikwenda hivyo hivyo, akabisha mlango wa mzee.

"Nani?"

"Tekla Ngonyani, natoka mahakamani."

"Ngonyani? Mngoni!" Mlango ukafunguka wote. "Babu zangu waliwatimua, bado hamjakoma? Karibu, mtani!"

Kumbe! Mzee Kikoti ni Mhehe, na Wahehe na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu. Mtani hafungiwi mlango, na lolote asemalo halimkasirishi mtu.

"Babu, hii ni samansi. Nyumba yako inagombewa. Jumatatu ufike."

"Nyumba si uchukue leo, uache kulala msituni!" Mzee alicheka mpaka akakohoa, akabonyeza kidole gumba kwenye kioo cha hati.

"Sitanii, babu."

"Ndivyo mnavyosema wote!"

Tekla naye akacheka. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Jumatatu kiti cha mzee kilikuwa kitupu. Tekla alimweleza hakimu kwamba yule mzee alidhani ni utani. Hakimu akakigeukia kiteuzi.

"Alipokea kwa hiari," kilijibu. "Hakuna hati iliyopokelewa kwa furaha zaidi mwaka huu."

Hukumu ikatolewa ya upande mmoja. Kiteuzi kikaunguruma tena, kikimtafuta wa kupeleka amri ya kuhama. Tekla hakuhitaji kusoma jina.

Mzee alifungua kabla Tekla hajabisha. "Mngoni! Umefuata nyumba yako?"

Tekla alitaka kueleza, akashindwa. Akaangua kilio palepale kizingitini.

Mzee Kikoti akashika mbavu kwa kicheko. "Loo, leo unalia vizuri! Nikifa, uje unililie hivyo hivyo."

Akanyoosha kidole gumba, atie alama.