Uso wa Bosibori

Kigoda cha jikoni kilikuwa na joto, na hakuna mtu aliyekuwa amekikalia. Ruth alikigusa kwa kiganja, akakigusa tena kwa mgongo wa mkono, kama anayepima homa ya mtoto. Abner, mumewe, alikuwa bado shambani akichuma majani chai. Moto haukuwa umewashwa. Alijiambia kwamba ni jua la dirishani, ingawa kijiji chote cha Ikonge kilikuwa kimefunikwa na ukungu tangu alfajiri.

Ilikuwa siku moja tu tangu atundike picha mpya sebuleni.

Ile ya zamani ilimwonyesha Abner angali kijana, na kando yake Bosibori, mke wake wa kwanza, siku ya arusi yao ya mila. Miguuni Bosibori alivaa ebitinge, zile pete za chuma ambazo mke wa Kigusii hazivui maadamu mumewe yu hai. Alikufa akiwa nazo, akazikwa nazo. Ruth aliolewa baadaye, kanisani, bila hata pete ya kidole, maana Wasabato hawajipambi. Kila jioni Abner alipoingia, aliitazama picha ile kwanza, ndipo akamtazama yeye. Ruth naye aliitazama, mwaka baada ya mwaka, kama mtu anavyotazama kidonda chake. Alikuwa akitafuta kasoro.

Ndipo aliposikia kwamba duka moja la Wahindi mjini Kisii limeleta kompyuta inayoweza kumtoa mtu pichani na kumtia mwingine. Akamwambia Abner anaipeleka picha ikaondolewe madoa.

Shruti, mkamwana wa mwenye duka, aliilaza picha kwenye mashine, nayo ikatokea kwenye kioo cha kompyuta.

"Mama, kwanza naweka faili ya asili kando. Hiyo haiguswi. Halafu nafanya kazi kwa nakala. Baba mkwe hataki njia nyingine."

"Usiweke kitu kando. Tia uso wangu juu ya wake, uhifadhi hapo hapo."

"Na ukijuta? Ya asili ikifutika, hairudi."

"Dada, wewe una mke mwenza?"

Shruti akacheka kwa haya. "Sina."

"Basi bonyeza."

Shruti akabonyeza. Alipotoka nje, Ruth aliichana picha ya zamani vipande vidogo vidogo, akavitupa mtaroni, maji ya mvua yakavichukua.

Abner alisimama mbele ya picha mpya. Uso ulikuwa wa Ruth, lakini shingo, mikono na miguu yenye chuma ilikuwa ya Bosibori. "Umependeza," alisema, akatoka bila kula.

Baada ya kigoda ilikuja harufu ya maziwa ya kibuyu, na nyumbani humo hakuna aliyegandisha maziwa tangu Bosibori afe. Kisha ikaja sauti. Mara ya kwanza walipoisikia mvua ilikuwa imekatika, na taa ilikuwa ndiyo kwanza imezimwa: chuma kikigonga chuma, polepole, kutoka jikoni kuja sebuleni.

"Umesikia?" Abner alinong'ona.

"Ni mbuzi, Mzee."

"Mbuzi gani anayevaa chuma, Ruth?"

Sauti ilisimama mbele ya picha, ikakaa pale, kisha ikaanza tena kuja, ikapita pazia la chumba cha kulala, na Ruth, aliyekuwa ameziba masikio na kukumbuka nusu tu ya zaburi aliyotaka kuisema, akahisi vidole baridi vikimpapasa paji, vikashuka puani, vikazunguka midomo, vikafuata ukingo wa taya hadi nyuma ya sikio, taratibu, bila hasira, kama vya mtu anayetafuta mahali pa kuanzia kubandua.

Kulipokucha alikwenda Mosocho kwa Nyabuto, mganga aliyeuza ugoro sokoni. Mzee huyo alimnusa kabla ya kumsikiliza.

"Unanuka maziwa ya mwenzio," alisema. "Marehemu alikuwa na makao yake ukutani, ametulia. Wewe umemng'oa. Akirudi anakuta mwili ni wake na uso ni wako. Unadhani atachukua upi? Mrudishie wake, mama, kabla hajauvaa wako."

Dukani, Shruti aliufuta uso wa Ruth kwenye picha. Chini yake palikuwa peupe kama yai.

"Nilikuambia," alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna kitu hapa."

Ruth akafumba macho, na uso ule ukamjia mzima. Alama ya kisu cha jikoni juu ya nyusi ya kushoto. Pengo la meno. Shavu moja lililojaa kuliko lingine. Shruti alichora, akafuta, akachora, naye Ruth akawa anamsahihisha: "Shusha kidogo. Hapana, pembe ya mdomo inapanda."

"Unamjua kama dada yako. Mlipendana?"

"Sijawahi kumwona akiwa hai."

Jioni picha ilitundikwa. Harufu ilikuwa imetoweka. Ruth alivuta pumzi, akajigusa uso, akaukuta mahali pake. Abner alipoingia aliinua taa, na machozi yakamlengalenga.

"Alama ni yake," alisema. "Pengo ni lake. Hata shavu." Kisha akaisogeza taa karibu. "Macho si yake."

"Ni yake, Mzee. Nayakumbuka."

"Bosibori hakumwonea mtu wivu hata siku moja. Macho haya yana wivu, Ruth. Huyu mmemtoa wapi?"

Kabla hajajibu, ebitinge zililia jikoni, polepole, za mtu ambaye bado hajapata pa kukaa. Abner akageukia mlango. Ruth hakugeuka, kwa sababu chuma kingine kilikuwa kimeitika papo hapo, karibu zaidi, nyuma ya kioo cha fremu, na yule mwanamke wa ukutani, asiye na jina wala kaburi, alikuwa amekwisha kuinua mguu mmoja.